Willy Gamba, Joram Kiango na Waandishi Waliojichapishia Vitabu

Wasomaji vijana wanaofuata hadithi za kijasusi na za kivita kwenye simu, sehemu baada ya sehemu, wengi wao huamini kwamba mwandishi kubuni mfululizo mzima, kuugharimia, kuutangaza na kuuuza mwenyewe ni jambo lililoletwa na mtandao. Imani hiyo inasikitisha, kwa kuwa kazi hiyo yote ilikwisha kufanywa Dar es Salaam kwa mashine ya kuandikia, karatasi ya kuombewa kibali na madeni, na waliofanya hivyo ndio waliowazoesha maelfu ya watu kusoma kitabu pasipo kushurutishwa na mtihani.

Riwaya ya mfululizo, yaani riwaya kadhaa ambazo kila moja inajitegemea kwa kisa chake lakini zote zinamfuata shujaa yule yule, ilianza mapema katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla alikwisha kumtambulisha Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na Faraji Katalambulla akafungua njia ya upelelezi wa mjini kwa Simu ya Kifo mwaka 1965. Aristablus Elvis Musiba alipoleta Kufa na Kupona mwaka 1974, adui hakuwa tena muuaji wa mtaani. Willy Gamba ni mpelelezi wa serikali, na mambo anayoyalinda ni siri za wapigania uhuru, katika Dar es Salaam, mji ambao kweli ulikuwa makao makuu ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika. Hapo ndipo riwaya hizi zinapokaribiana na bunilizi ya kisayansi ya kijeshi, yaani hadithi zinazobuni vita vya wakati ujao na silaha ambazo bado hazijaundwa: kuna kikosi, kuna amri kutoka juu, kuna adui mwenye mitambo na fedha kuliko sisi. Msomaji wa wakati huo hakuhitaji kupelekwa kwenye nyota ili akutane na vita, kwa maana vita vilikuwa ng'ambo ya mto Ruvuma, nchini Msumbiji, na wapiganaji wake walikuwa wakifunzwa Kongwa na Nachingwea.

Kitabu hicho cha kwanza cha Willy Gamba, kama vile cha Katalambulla, kilitolewa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ambalo halikuweza kubaki kama lilivyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Mashirika ya umma yaliyobaki yalikuwa na mzigo wa vitabu vya shule, na ni haki kusema kwamba mzigo huo ulikuwa mzito. Hata hivyo mwandishi wa riwaya ya kusisimua alibaki bila mlango wa kubisha. Ndipo waandishi wakajifanya wachapishaji. Musiba alitoa riwaya kupitia Continental Publishers, na Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, akajenga Heko Publishers juu ya mabega ya Joram Kiango, shujaa wa Dimbwi la Damu, Najisikia Kuua Tena, Salamu Toka Kuzimu na Tutarudi na Roho Zetu? Miaka inayoonekana kwenye nakala za vitabu hivyo mara nyingi haipatani, kwa kuwa toleo la pili lilichapwa kama la kwanza na tarehe ikabadilishwa au ikaachwa, na anayetafuta mpangilio kamili wa miaka atapoteza muda ambao angeutumia kusoma.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye mashine ya kuandikia, karatasi ya juu na nakala ya kaboni chini yake, kisha ikawa safari ya kutafuta karatasi ya kuchapia, ambayo katika miaka ile ya foleni na vibali haikununuliwa dukani bali iliombewa kwa barua, na hata kiwanda cha Mgololo kilipoanza kazi katikati ya miaka ya 1980 dhiki haikuisha kwa siku moja. Aliyekosa karatasi nyeupe alichapa kwenye karatasi ya gazeti, ambayo hunywa wino kiasi kwamba matundu ya herufi a na e huziba, na kurasa huanza kugeuka njano kitabu kikiwa bado kinazunguka mitaani. Mchapaji, yaani mwenye mitambo ya kupigia chapa, alitaka sehemu kubwa ya fedha mkononi kabla ya kuiwasha. Chumba chake kilinuka wino na mafuta ya taa ya kufutia rola, na harufu hiyo ilikaa ndani ya kurasa hata abiria aliyefungua nakala mpya ndani ya basi aliisikia kabla hajasoma neno la kwanza. Jalada lilichorwa kwa mkono, bastola na gari na mwanamke, kwa rangi mbili au tatu tu, kwa sababu kila rangi ilimaanisha karatasi kupita tena mtamboni na malipo kuongezeka. Kurasa nazo zilichapwa kwa makunjo, yaani karatasi kubwa moja inayokunjwa kuwa kurasa kumi na sita au zaidi, hivyo mwandishi aliyezidisha kurasa mbili alilipia kunjo zima. Wahakiki wanaolalamika kwamba riwaya hizi hufika mwisho kwa haraka, adui akafa na mapenzi yakatengenezwa katika kurasa chache, wangefanya vyema kuikumbuka hesabu hiyo.

Vitabu vikishafungwa kwa pini mbili ubavuni, viliingia mikononi mwa muuza vitabu wa mezani, aliyepanga bidhaa zake kando ya Mtaa wa Samora, Kariakoo, au penye vituo vya mabasi na treni, na mtu huyu anastahili sura nzima katika historia ya fasihi ambayo hajawahi kuandikiwa. Yeye alichukua nakala kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza, na kwa kuwa alikuwa akihatarisha nafasi ya meza yake, hakukubali jina asilolijua. Willy Gamba alimjua, Joram Kiango alimjua. Jina la shujaa ndilo lililokuwa dhamana ya mwandishi, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mifululizo kustawi, kuliko hiyo inayotajwa sana ya kuiga riwaya za Ian Fleming na James Hadley Chase. Muuzaji alimwekea mteja wake nakala mpya chini ya meza, aliwakodisha wengine kitabu kwa usiku mmoja, na mwandishi alipopita kudai fedha zake alipewa pamoja nazo maoni ya wasomaji: nani asiuawe, nani arudi katika kitabu kijacho.

Vyuoni vitabu hivi viliitwa riwaya pendwa, yaani riwaya za burudani kwa umma mpana, zikatenganishwa na riwaya dhati, zile zinazohesabiwa kuwa na uzito wa fikra. Lawama kuhusu wanawake waliogeuzwa mapambo na damu iliyomwagwa pasipo sababu ni za haki kabisa. Lakini watu wazima waliokuwa wametoka kwenye madarasa ya kisomo walipewa vijitabu vya kilimo bora na afya, na aliyewapa kitu cha kukesha nacho hakuwa mwalimu wala shirika.

Baada ya mwaka 1994 adui wa Kusini, yaani utawala wa makaburu wa Afrika Kusini, aliondoka, na shujaa akabaki na wauza dawa za kulevya na matajiri wabaya. Televisheni, magazeti ya udaku yenye hadithi za kuendelea, filamu za Bongo, kisha simu, vyote viliwachukua wasomaji. Mtobwa alifariki mwaka 2008, Musiba mwaka 2010.

Kinachoudhi sasa ni kwamba vitabu vyao vinasambazwa kwa picha za kurasa zilizopigwa kwa simu, baadhi zikiwa zimekatika maneno, bila senti kuzifikia familia, na wanaovisambaza hujiita wapenzi wa fasihi. Mwandishi wa leo wa hadithi za kivita, ambaye hutoa sehemu kumi za bure na kuuza zilizobaki kwa malipo ya simu, amerithi biashara ileile na hatari zake zote, ila hana karatasi. Mali kauli imegeuka malipo ya kabla, na hilo ni jema. Lakini sheria inamtaka mchapishaji apeleke nakala Maktaba ya Taifa, na hadithi iliyouzwa ndani ya kundi la simu haipelekwi popote. Simu ikiibiwa au kundi likifungwa, riwaya nzima huondoka. Dimbwi la Damu, pamoja na ubaya wa karatasi yake, bado linaweza kupatikana kwa anayezunguka meza za vitabu chakavu kwa uvumilivu, na bei yake imepanda.