Mgeni Anayelipa

Sisi tuliolelewa pwani ya Afrika Mashariki tulifunzwa kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Hapa Breaux Bridge, mji mdogo wa kusini mwa Louisiana, Marekani, mgeni wangu hapewi jembe, maana kitanda amekilipia. Nimpe nini basi?

Humpangishia kijumba cha uani, kando ya Bayou Teche, mto wa maji ya kahawia uendao polepole hata ukadhani umelala. Wengi huja mwezi wa Mei, kwa tamasha la kamba wa maji baridi. Mwaka 1959 Bunge la jimbo liliutangaza mji huu kuwa makao makuu ya kamba hao duniani. Huwafundisha wageni kula: vunja mkia, menya, nyonya kichwa. Pilipili huwatoa machozi, nami hujiona niko kwetu.

Lakini jambo moja nililificha. Mafuriko ya Agosti 2016 yaliingia kijumbani hadi kwenye vifundo vya miguu. Nilipaka rangi, nikaegemeza kabati palipobaki alama, nikanyamaza kwa kuogopa kukosa fedha.

Mwaka jana akaja mama mwenye mtoto mchanga. Akaniuliza waziwazi: "Bibi, maji hufika humu?"

Nikalisogeza kabati. Alitazama alama, akamtazama mwanawe, kisha akauliza njia ya kukimbilia ni ipi. Tuliipita pamoja kwa miguu kabla ya giza. Alikaa siku zake zote nne.

Kabati sijalirudisha.