Kwenda Japani kujifunza judo: inalipa au ni utalii?

Nilipotea kidogo, test zilinibana, ila leo nina mada.

Kuna jamaa yangu wa klabuni, mwaka wa tatu kama mimi, kaona tangazo la safari ya wiki mbili Japani. Mazoezi, malazi na matembezi, vyote ndani ya bei. Bumu halifiki hata robo ya hela hiyo, kwa hiyo anafikiria kuuza kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake. Kaniuliza, "Mwanangu, niende?" Jibu langu ndilo hili, nanyi msome.

Tusidanganyane, Japani kuna kitu. Kodokan, chuo mama cha judo, kilianzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882 na mpaka leo kipo Tokyo na kinapokea wageni. Sisi wa elimu tumheshimu zaidi mzee huyo, maana alikuwa mwalimu na aliongoza chuo cha ualimu cha Tokyo kwa miaka mingi. Faida kubwa ya kule ni watu. Hapa klabuni tuko tisa tu, najua kila mmoja atanibwaga kwa mbinu gani kabla hajanishika. Kule unakutana na wapya, wepesi kwa wazito, na lazima ufikiri upya.

Lakini tupige hesabu. Wiki mbili ni siku 14. Toa nne za kwenda na kurudi, maana kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja. Toa mbili za kutembezwa kwenye mahekalu. Zinabaki nane, na za mwanzo unasinzia kwa sababu saa za kule ziko 6 mbele yetu. Sisi hapa tunafanya mara tatu kwa wiki. Yaani kiwanja kizima kwa mazoezi ya wiki tatu hivi za kwetu!

Halafu jamaa yangu bado anaanguka vibaya, anatanguliza mkono. Ukemi, ule ufundi wa kuanguka, unataka mkeka na marudio, hautaki pasipoti.

Nani aende basi? Aliyekwisha iva hapa nyumbani, anayeweza kukaa miezi, na akirudi atafundisha wengine. Kwa sisi walimu watarajiwa kuna hata ufadhili wa serikali ya Japani kwa walimu wenye uzoefu wa angalau miaka 5, masomo kama mwaka mmoja na nusu. Hapo jioni unaenda mkekani, na kiwanja kinabaki chako.

Kwa hiyo kaka, usiuze. Hata neno shodan, daraja la kwanza la mkanda mweusi, lina maana ya ngazi ya mwanzo. Wenyewe hawana haraka, sisi ya nini?

Jumatano saa kumi na moja tukutane mazoezini. Tunaanza na kuanguka.

Alamsiki!