Delano, Mji wa Mizabibu

Leo twende California, nchini Marekani, katika bonde la San Joaquin. Mashariki yake iko milima ya Sierra Nevada. Theluji ikiyeyuka, maji huletwa mashambani kwa mifereji. Kiangazi jua ni kali na mvua hainyeshi, lakini mizabibu hustawi safu kwa safu mpaka macho yachoke.

Zabibu za kula mezani ni laini, hukatwa kwa mikono, kichala kwa kichala. Na mikono hiyo tangu zamani ni ya wageni: Wafilipino na watu wa Meksiko. Walilisha miji mikubwa, na ujira wao ulikuwa haba.

Tarehe 8 Septemba 1965 Wafilipino wa Delano, wakiongozwa na Larry Itliong, waligoma wakidai dola 1.40 kwa saa. Baada ya siku 8 Wameksiko wakaungana nao. Kwaresima ya 1966 walikwenda kwa miguu mpaka Sacramento, bendera ya Bikira Maria wa Guadalupe ikitangulia, wakafika siku ya Pasaka. Watu wengi wa mijini waliacha kununua zabibu, na mwaka 1970 wenye mashamba wakatia sahihi mapatano.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Vijijini mwetu nako wako wageni wanaotulimia na kutuvunia. Kumbukumbu la Torati laamuru kibarua, hata akiwa mgeni, alipwe kabla jua halijatua. Je, wa kwako amekwisha kulipwa?