Pesa ya Benki na kile tulichovuka nacho mpaka

Ikitangazwa redioni kwamba Benki ya Dunia imeipa Kongo mamilioni ya dola kupunguza umaskini, watu hapa kambini wanauliza swali moja tu: hizo pesa zinaendaga wapi? Sisi vijana wa Kivu na Ituri tulioko Nakivale, Uganda, tumelijadili sana. Leo tunawaandikia ndugu zetu wakimbizi, na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika.

Kwanza tujue ni pesa gani. Tawi la Benki linalohudumia nchi maskini, IDA, linatoa ruzuku, ambayo hairudishwi, na pia mikopo ya masharti nafuu, ya kulipwa kwa miaka mingi. Kongo inajua uzito wa deni. Mwezi wa Julai 2010 ilisamehewa deni la dola bilioni 12.3, na sehemu kubwa ilikopwa wakati wa Mobutu. Waliokula si sisi, lakini nchi ilibeba. Kwa hiyo mkopo wa leo unatuhusu vijana, hata kama leo tunapanga foleni ya posho.

Sasa matumizi. Mwaka 2014 ulianza mradi wa STEP mashariki ya Kongo, na mwaka 2020 ukaongezewa dola milioni 445. Ulitengeneza barabara, shule na masoko, na ulitoa kazi za mikono za muda: kuchimba mifereji, kufyeka kando ya barabara, kisha ulilipwa ujira wa siku.

Kuna wenzetu hapa waliofanya kazi za namna hiyo kabla ya kukimbia. Mmoja alinunua mbuzi wawili. Mwingine alilipa karo ya mdogo wake. Wanasimulia pia kijiji ambako orodha ilijaa jamaa za mkubwa mmoja, mpaka watu wakadai kura ya hadharani, kila mtu aokote karatasi mbele ya wenzake. Hapo ndipo wajane wakapata nafasi.

Halafu vita. Mwisho wa Januari 2025 M23 waliingia Goma, Februari wakaingia Bukavu. Benki za Goma zilifunga milango, na mwenye akiba hakuweza kuigusa. Mbuzi waliliwa na wengine. Barabara mpya inapitisha mahindi, lakini inapitisha pia wenye bunduki.

Je, pesa isubiri amani? Hapana. Kijana asiye na kazi ndiye anayechukuliwa porini kwanza. Tunachosema ni hiki: kwenye nchi ya vita, weka pesa pia ndani ya kitu ambacho mtu anaweza kukimbia nacho. Yule aliyejifunza uashi kwenye mradi wa shule kule kwetu, leo anajenga nyumba za watu hapa. Mwenzake aliyepewa jembe na ujira tu alifika mikono mitupu.

Huku Uganda mradi wa DRDIP, uliofadhiliwa na Benki hiyo hiyo, ulianza mwaka 2016 na dola milioni 50, baadaye zikaongezwa milioni 150. Umejenga madarasa na vituo vya afya katika wilaya zinazopokea wakimbizi, na Isingiro yetu iko ndani. Mtoto wa mwenyeji na wa mkimbizi wanaweza kukaa dawati moja. Majengo haya yamesimama kwa sababu hapa hakuna mabomu. Kule kwetu hakuna anayeweza kuahidi hilo.

Basi tunaomba mambo matatu. Kila kazi ya muda iende pamoja na ufundi na cheti. Akiba iwekwe mahali ambapo mtu anaweza kuifikia kwa simu hata akivuka mpaka. Na orodha zisomwe hadharani, kwa lugha tunayoielewa.

Wewe ulivuka na nini? Andika hapa chini, tuwaonyeshe wanaopanga miradi.