Maji Matamu ya Otonglo

Sisi tuliozoea visima vya pwani vinavyoingiwa na chumvi, tukiteremka kutoka Otonglo, njia ya Kisumu kwenda Busia, hadi ufukweni, tukasukutua kwa ajili ya udhu, hustaajabu: ziwa pana mithili ya bahari, na maji matamu! Linao mlango, Jinja, ambapo maji hutoka na kushika Mto Nile. Ziwa Turkana, lisilo na mlango, lina chumvi.

Mwisho wa Nile, kule Misri, bahari hupenya chini ya mashamba, na mkulima huhitaji maji matamu kuiosha ardhi. Mengi humfikia kutoka Ethiopia. Ya kwetu ni machache, lakini yamo. Mkataba wa 1929, baina ya Waingereza na Misri, haukutuuliza sisi. Leo Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake Kisumu, na Misri si mwanachama.