Digrii 94 chini ya mabati

Lusangi, wilaya ya Kabambare. Saa nane za mchana wakati wa kiangazi, kibanda kile kinakuwa kama jiko. Ni mbao na mabati, meta mbili kwa tatu, mlango mmoja, dirisha hakuna. Ndani mna mashini ya fotokopi, printa moja, na kompyuta ya mezani ambayo mwenyewe aliileta kwa pikipiki, imezungushiwa godoro la mtoto, siku familia yake ilipokimbia kutoka upande wa Salamabila. Vyungu vilibaki. Mbuzi walibaki. Mpaka leo mke wake akikasirika anamkumbusha wale mbuzi.

Lakini ni kompyuta hiyo inayolisha watu saba. Inapiga picha ndogo za karatasi, inaandika barua za kuomba kazi, inatengeneza video za arusi. Tena kuna kazi nyingine ambayo hakuipanga. Familia zilizohama zinamletea simu yenye kioo kilichovunjika, au picha iliyonyeshewa na mvua njiani, na kumwomba: Papa, tutolee huyu uso wake. Mara nyingi ni uso wa mtu ambaye hayupo tena. Yeye anaisafisha, anaichapa, na nakala anaiacha ndani ya mashini. Kwa nyumba nyingi zilizoungua, hiyo ndiyo nakala pekee iliyobaki.

Mwezi wa saba mashini ilianza kusumbua. Akiwa katikati ya video ya arusi, picha inakatika, mistari ya rangi inapita, feni inalia kama pikipiki inayopanda mlima, kisha skrini inakuwa nyeusi. Akingoja saa moja inawaka tena. Dakika ishirini, nyeusi tena. Jirani mmoja alisema ni virusi. Mwingine alisema ni wivu wa watu. Wa tatu, pale sokoni, alisema dawa ni kuichomoa kadi ya picha, ile ambayo mafundi wanaiita karte grafiki, na kuichoma kwa moto, kwamba ameona kwa macho yake kadi iliyokufa ikifufuka.

Neno la yule wa sokoni lina mzizi wa kweli, na ndiyo maana ni la hatari. Chipu ya kadi inashikwa kwenye ubao wake kwa vidonge vidogo sana vya risasi ya kulehemu, na sehemu kubwa ya risasi hiyo ni bati, madini yale yale yanayotoka katika kasiterite ambayo watu wa Kalima na Kailo wanaichimba tangu wakati wa Wabelgiji. Kadi ikipata moto inatanuka, ikipoa inajikunja. Kila siku hivyo, miaka, na vidonge vinaanza kupasuka. Si jambo la mashini za maskini tu: mwaka 2008 kampuni ya NVIDIA yenyewe ilitenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zake za kompyuta za mkononi zilizokuwa zinakufa kwa ubovu wa namna hiyo. Ukiichoma kadi, ufa unaweza kugusana tena, na kadi ikafanya kazi siku chache, pengine majuma mawili. Halafu inakufa kabisa. Risasi ya kulehemu ya siku hizi inayeyuka kwenye digrii kama 217, na kabla ya kufika hapo plastiki ya feni imeshakuwa uji. Na kadi ya Lusangi, kama ilivyoonekana baadaye, haikuwa hata na ufa.

Kijana mmoja fundi wa simu na sola hupita Lusangi akitoka Kasongo. Alipoitwa, mwenye kibanda alikuwa tayari amechomoa bisibisi.

"Papa, ngoja. Kabla ya kuipika, tuiulize yenyewe."

"Mwanangu, mashini inasema?"

"Inasema. Sisi ndio hatuisomi."

Alibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, akaenda kwenye ukurasa wa utendaji. Tangu toleo la mwezi wa tano 2020, Windows 10 inaonyesha pale joto la kadi. Bila kazi yoyote, digrii 58. Akafungua video ya arusi: 71, 83, 90. Ilipofika 94 feni ilikuwa inapiga kelele hata watoto wa nje wakaja kuchungulia. Kadi yenyewe ni GeForce GTX 1050 Ti, na mtengenezaji ameiandikia mwisho wa digrii 97. Ikikaribia hapo inapunguza mwendo. Joto likizidi kupanda, inajizima. Kwa hiyo usiku na mchana wote ule kadi ilikuwa inajiokoa, na mwenyewe anaitukana.

Kadi ikipumzika, digrii 30 hadi 50 ni kawaida. Ikifanya kazi nzito, 60 hadi 80 si la kukutia wasiwasi. Ikipita 80 bado haijaungua, ila ni saa ya kuangalia vumbi. Kukaa 90 na zaidi kila siku ndiko kunakofupisha maisha. Na usilinganishe kadi yako na ya jirani bila kujua aina: RTX 3080 mwisho wake ni 93, RTX 4090 ni 90, na kadi nyingi za AMD zinasoma hata ile nukta yenye moto kuliko zote na kuiruhusu ifike 110. Kisha kuna hewa. Feni haina barafu, inapuliza hewa iliyopo tu. Chumba kikiwa na digrii 36 mahali pa 24, zile 12 zinapanda moja kwa moja juu ya kadi. Wanaozipima huko Ulaya wanazipimia katika vyumba vya baridi; hakuna aliyepima chini ya mabati ya Kabambare.

Sanduku lilipofunguliwa, vumbi jekundu lilikuwa limeshikamana kama blanketi. Mjusi mmoja alikuwa amekaukia humo, hajulikani tangu lini. Na juu ya sanduku, penye matundu ya kutolea joto, Mama wa nyumba alikuwa ametandika kitambaa kizuri cha kufuma, ili mashini ipendeze. Kitambaa kilirudi nyumbani siku ile ile, na si kwa furaha.

Fundi alisafisha kwa brashi laini na pampu ya baiskeli, akishika feni kwa kidole isizunguke, maana feni inayozungushwa na upepo wa nguvu inaweza kuharibika. Pasta ya kijivu kati ya chipu na chuma chake ilikuwa imekauka kama udongo. Akaifuta kwa alkoli, akaweka mpya, kiasi cha punje ya njegere. Dawa ya meno, ambayo wengine wanaitumia, inakauka baada ya siku chache. Kwa programu ya MSI Afterburner akapunguza nguvu ya kadi hadi asilimia 80. Mwendo ulipungua kidogo tu, na betri ya sola nayo ikapumua. Sanduku likapandishwa juu ya matofali mawili, likakatwa tundu la hewa chini ya paa, na juu ya mabati yakawekwa majani kama ya nyumba ya zamani. Dola kumi na moja kwa jumla, majani hayakuhesabiwa.

Mwenye kibanda aliuliza kama si afadhali kununua kadi nyingine Bukavu. Fundi alimwonya. Watu wengi duniani walitumia kadi hizi kuchimba pesa za mtandaoni, bila jembe wala shimo, mchana na usiku, mpaka tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilipoacha kuzitumia. Baada ya hapo nyingi ziliuzwa kama mitumba. Anayenunua ya mitumba adai kuiona ikifanya kazi nzito nusu saa, na kipimo wazi mbele yake, kabla ya kutoa pesa.

Katikati ya kazi hiyo mama mmoja, mkimbizi wa ndani, alisimama mlangoni. Picha ya mtoto wake ilikuwa humo tangu mwezi wa sita, na alisikia kwamba mashini imekufa. Hakulia, aliuliza tu kama yupo. Fundi alimwonyesha kwa kidole: picha inakaa katika diski, hii hapa, kadi ni ya kuonyesha tu. Hata kadi ingekufa, Mama, mtoto yupo.

Ilichapwa saa mbili usiku, hewa ilipopoa, kipimo kikisoma 71. Aliisogeza karibu na taa akaiangalia muda mrefu.

"Shati halikuwa la bluu hivi," alisema. "Lilikuwa limechuja."

Mwenye kibanda akakaa tena kwenye kiti, akaanza kulipausha shati.