Mchoraji na Hesabu za Dukani

Sisi tuchorao kanga tuna lawama yetu moja: mwenye mali haijui sanaa. Unampelekea mchoro wa rangi sita, anataka tatu. Unamwekea tausi katikati ya mji, anauliza, "Hii itauzika Idi?" Basi tunarudi kijiweni tukinung'unika, eti tajiri anaua vipaji.

Mimi lawama hiyo nimeiacha. Si kwamba tajiri ana haki siku zote, la hasha! Niliamua tu kuzijua hesabu zake.

Kiwandani kila rangi hudai skrini yake, na kila skrini ni fedha. Mchoro ukichelewa sikukuu ikapita, mzigo hulala dukani na mtaji hulala nao. Mnunuzi naye ana lake. Wengi husoma jina kabla ya kutazama ua, maana doti ile ni ya mama, ya wifi, au ya jirani aliyeanza uchokozi. Mchoraji asiyeyajua haya humaliza jasho lake kwenye tausi, herufi akazibananisha.

Itazame kisutu, ndugu msomaji. Rangi zake ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, tena nyeupe yenyewe ni ya kitambaa. Haina hata jina. Lakini harusi gani ya pwani itaikosa? Au itazame Mombasa, alikoanzia biashara Kaderdina Hajee Essak mwaka 1887. Maneno "Mali ya Abdulla" ni madogo mno kwenye kanga, ila mama akiyaona hujua anachonunua. Hayo nayo ni usanifu, bwana, na ni biashara vilevile.

Faida niliyoipata ni kwamba siku hizi sinyamazi. Mwenye mali akitaka kupunguza rangi, namwambia: ondoa hii ya mji, ya pindo usiiguse, kwani kanga ikishavaliwa mji hujikunja na pindo ndilo huonekana. Hapo hubishani na msanii mwenye hasira tena. Anaongea na mtu wa kazi. Mara nyingine hukataa. Mara nyingine pindo langu hupona.

Vijana wenzangu, mchoro wetu utapunguzwa tu, tupende tusipende. Afadhali mkasi tuushike sisi tunaojua pa kukata.